Kukojoa kitandani si ukaidi: wekeni fimbo chini, mchukue daftari

Mtoto wa miaka 7 anabebeshwa godoro lililolowa, analipitisha mbele ya majirani mpaka uani, na wenzake nyuma yake wanaimba "kikojozi". Mzazi anaamini aibu itamponya. Haimponyi, kwa sababu mkojo ule unatoka amelala fofofo, wakati hana namna ya kuuzuia. Anachojifunza ni kuogopa usiku na kuficha shuka.

Chini ya miaka 5 hakuna cha kutibu. Hata wakifika miaka 5, watoto kama 15 kati ya 100 bado hukojoa kitandani, na hali hii hurithiwa. Waulizeni mabibi kuhusu baba au mama wa huyo mtoto, wanakumbuka.

Kwa siku 14 andikeni usiku mkavu na uliolowa, alichokunywa kuanzia saa 11 jioni, na siku alizopata choo kikubwa. Hicho choo ndicho kinachosahaulika zaidi: kikikaa na kuwa kigumu, kinabana kibofu. Akipata choo cha vigololi kama cha mbuzi, anzeni hapo kwa papai, mboga, maharage na maji ya kutosha mchana.

Msimnyime maji. Watoto wengi hawanywi kitu shuleni, kisha jioni wanafidia kiu ya siku nzima. Anywe asubuhi na mchana. Katika muda wa saa mbili za mwisho kabla ya kulala apate kidogo tu, na chai ya rangi ya usiku iondoke kabisa. Akojoe kabla ya kupiga mswaki, na tena anapopanda kitandani. Kama choo kiko nje gizani, hataenda: wekeni poti na tochi chumbani, na nailoni chini ya shuka. Msifieni kwa kukojoa kabla ya kulala, si kwa kuamka mkavu, maana hilo la pili haliko mikononi mwake.

Aliyekaa mkavu miezi 6 kisha akaanza upya ni habari nyingine. Akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa mno na anakonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Akiwa na homa au maumivu anapokojoa, mkojo upimwe. Vipimo vikiwa safi, tazameni kilichobadilika: msiba, mwalimu anayechapa, mtu mzima aliyehamia nyumbani. Mzazi mmoja akae naye faragha, amuulize taratibu bila kumkatiza. Akisema kuna mtu anamshika au kumtendea vibaya, mwaminini, mwondoeni karibu na mtu huyo, na mpige 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, Kenya na Tanzania.