Mwambie tu ulivyo
Dada, umeuliza kama kumlalamikia Mungu juu ya kodi ya nyumba ni kukosa imani. Hapana. Zaburi 62:8 inatuambia tumtumaini sikuzote, na hapohapo tuifunue mioyo yetu mbele zake. Hana, yule mwanamke aliyekosa mtoto kwenye 1 Samweli 1, aliomba kwa uchungu, midomo ikichezacheza bila sauti, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa! Mimi maombi yangu ya kweli huwa ndani ya basi la mwendokasi la Kimara, hapa Dar es Salaam, nimeshika bomba, kwapa la mtu usoni: "Baba, nimechoka, ada ya mtoto sijui itatoka wapi." Ada yenyewe nilikuja kuilipa kwa awamu tatu, baada ya kuuza friji. Ila usiku ule nilipoomba hivyo, nililala.