Maswali ya wasomaji: Kinyesi kilichopigwa eksirei, na madai juu ya chakula cha Mwafrika

SWALI: Mhariri wa safu ya afya, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Lira. Tangu ujana wetu tumesikia kwamba daktari mmoja Mwingereza aliyefanya kazi hapa kwetu aligundua kuwa Mwafrika hapati kansa ya utumbo kwa sababu ya chakula anachokula. Mwaka jana mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 44, aliyekulia ugali wa ulezi na mboga ya boo, yaani majani ya kunde, alikutwa na kansa ya utumbo mpana. Je, tulidanganywa?
– Mwalimu mstaafu, Lira

JIBU: Pole sana, Mwalimu, na umfikishie ndugu yako salamu zetu. Hamkudanganywa, lakini habari hiyo ilipunguzwa njiani kabla ya kuwafikia.

Daktari unayemzungumzia ni Denis Burkitt, mpasuaji aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, ambaye alianza kazi Uganda mwaka 1946 papo hapo mjini kwenu, kisha akahamia hospitali ya Mulago mjini Kampala. Ulimwengu wa tiba unamkumbuka kwanza kwa uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Habari ya utumbo ilikuja baadaye, alipokwisha kurudi Uingereza, baada ya kukutana na Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyeshikilia kwamba sukari na unga uliokobolewa ndivyo vilivyoleta maradhi mengi ya nchi tajiri. Burkitt aliyalinganisha madai hayo na yale aliyoyaona Mulago, ambako mwenzake Hugh Trowell, bingwa wa utapiamlo wa watoto, naye alikuwa ameona kwa miaka mingi kwamba magonjwa kadhaa yaliyojaza wodi za London yalikuwa adimu sana katika wodi za Kampala.

Kipimo chenyewe kinastahili kuelezwa, kwa sababu wengi hulitaja jina la Burkitt bila kujua alipima nini. Watu walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki ambavyo eksirei haiwezi kuvipenya, kisha kila walipokwenda haja kubwa kinyesi chote kilitiwa katika mfuko, kikapimwa uzito na kupigwa eksirei ili vipande vilivyotoka vihesabiwe, mpaka asilimia 80 ya vile vilivyomezwa ipatikane. Hebu fikiria ustahimilivu wa hao wanavijiji waliokubali kukabidhi mifuko hiyo siku baada ya siku, na ambao majina yao hatuyajui. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, Burkitt akishirikiana na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa London. Chakula kilichukua saa 36 hivi kupita katika matumbo ya wanavijiji wa Uganda, na kinyesi chao kilikuwa na uzito wa takriban gramu 470 kwa siku. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao, chakula kilichukua saa 83, na kinyesi kilikuwa gramu 104 tu.

Tofauti hiyo ni kubwa, na hakuna aliyeikanusha. Hata hivyo, kutoka uzito wa kinyesi mpaka sababu ya kansa kuna masafa marefu. Waliopimwa walikuwa wachache, na mwanakijiji wa Uganda alitofautiana na baharia wa Uingereza kwa mambo mengi zaidi ya chakula: kazi aliyofanya, minyoo aliyokuwa nayo, nyama aliyokula, na miaka aliyotarajia kuishi, kwa kuwa kansa ya utumbo mpana kwa kawaida huwapata watu waliokwisha kupita miaka 50. Tena, hesabu ya wagonjwa ni hesabu ya waliofika hospitali. Rejista ya kansa ya Kampala ilianzishwa mwaka 1954, na mzee aliyefungwa choo akafia nyumbani kwake kijijini asingeandikwa humo. Kwa maoni yangu Burkitt mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko waliomnukuu, ingawa naye alipenda kuubebesha mzigo mzito upungufu wa nyuzinyuzi, yaani makapi ya nafaka na sehemu nyingine za mimea ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya: bawasiri, kuvimba kwa kidoletumbo, vifuko katika ukuta wa utumbo, kansa, na mengineyo.

Utafiti wa baadaye umeutua sehemu ya mzigo huo na kuuacha mwingine. Mwaka 2000 majaribio mawili ya Marekani yalichapishwa, ambapo watu waliokwisha kuondolewa polipu, yaani vinyama vidogo ambavyo baadhi yake hugeuka kansa, waliongezewa nyuzinyuzi kwa miaka michache, na vinyama hivyo vikarudi kwao sawa na kwa wenzao. Kuhusu vile vifuko, uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 2,000 uliotolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na vifuko vichache kuliko wengine. Kwa upande wa kansa yenyewe, hoja ya Burkitt imepata nguvu: mapitio makubwa ya mwaka 2019, yaliyojumlisha tafiti 185 za kufuatilia watu kwa muda mrefu pamoja na majaribio 58, yalionyesha kuwa wale waliokula nyuzinyuzi kwa wingi walipata kansa ya utumbo mpana, maradhi ya moyo na kisukari cha ukubwani kwa kiwango cha chini kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko waliokula kidogo, na faida iliyo wazi zaidi ilionekana kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Jinsi inavyofanya kazi sasa inaeleweka vizuri kuliko enzi zake. Burkitt alidhani nyuzinyuzi hufagia tu na kuyapunguza makali ya sumu kwa kuongeza ukubwa wa kinyesi. Leo tunajua kwamba bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi, mojawapo ikiwa ile ya butiriki, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo huo na ambayo huelekea kuzuia chembe hizo zisikue ovyo. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambalo Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani walipopewa chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi, asidi hiyo iliongezeka na dalili za kuvimba kwa ukuta wa utumbo zikapungua, na wanavijiji waliopewa nyama na vyakula vya kukaanga waliona kinyume chake. Wiki mbili hazitoshi kumpa mtu kansa wala kumwepusha nayo, lakini zilitosha kuonyesha kwamba kinga hii haiko katika damu ya Mwafrika. Iko katika sahani yake, na huondoka sahani inapobadilika. Si ajabu kwamba rejista hiyohiyo ya Kampala imekuwa ikionyesha ongezeko la kansa hii kwa miongo kadhaa.

Sasa kuhusu mdogo wako. Upungufu wa asilimia 15 au hata 30 unamaanisha kwamba katika wale ambao wangeugua, walio wengi bado wataugua. Ulezi si chanjo. Zaidi ya hayo, kansa inayomjia mtu kabla ya miaka 50 hutufanya tuulize juu ya ukoo, kwa sababu kuna hitilafu za kurithi zinazoipitisha kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, chakula kiwe kipi. Ushauri unaofuatwa sana ni kwamba ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wachunguzwe utumbo kuanzia miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, kutegemea ipi inatangulia. Kwa nyumba yenu hiyo ni miaka 34. Wewe umekwisha kuupita umri huo, Mwalimu, kwa hiyo usingoje dalili. Waulize madaktari wanaomtibu ndugu yako mahali pa kupata kolonoskopi, yaani kuingiziwa mpira wenye kamera, na uwataje ndugu zako wote kwa umri wao.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara wa Jinja. Baada ya kusikia redioni habari za nyuzinyuzi, nilianza kula pumba za ngano vijiko vinne kila asubuhi. Tumbo lilijaa gesi, likaniuma, nikaacha. Halafu mjomba wangu alipasuliwa kwa sababu ya utumbo kujisokota, na tukaambiwa kwamba chakula kingi cha kujaza tumbo ndicho kilichosababisha. Sasa nile au nisile?
– Mama wa watoto wanne, Jinja

JIBU: Kula, mama, lakini si kwa namna hiyo. Bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi huongezeka taratibu, na ukiwaletea shehena ya ghafla watakulipa kwa gesi. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na unywe maji ya kutosha, kwani pumba zisipopata maji hukauka na kufunga choo badala ya kukifungua.

Wala huhitaji pumba za dukani. Nenda kwenye mashine ya kusaga mahindi hapo mtaani kwenu uangalie mlangoni: upande mmoja kuna magunia ya posho namba moja, unga mweupe unaoteleza vidoleni kama poda, na upande wa pili kuna magunia ya pumba za rangi ya manjano yanayomngoja mfugaji wa kuku. Yale ambayo Burkitt aliyapima katika kinyesi cha babu zetu sasa tunalisha kuku, tena tunalipa bei ya juu zaidi ili yaondolewe. Mwombe msagaji akusagie mahindi bila kuyakoboa, au changanya unga wako na ulezi. Maharage yaliyopikwa yana gramu 6 hadi 7 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100, na Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, kwa hiyo sahani ya maharage yenye dodo, yaani mchicha, pembeni imekwisha kukufikisha mbali.

Kuhusu mjomba, aliyoambiwa yana msingi. Utumbo kujisokota ni ugonjwa unaojulikana sana kwa wapasuaji wa Uganda, na maelezo ya siku nyingi ni kwamba chakula kingi cha kujaza, kikiliwa maisha yote, hurefusha na kutanua sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nayo ikiwa imening'inia kwenye shina jembamba, siku moja hujisokota na kufunga njia. Hapa ndipo wahubiri wa nyuzinyuzi hunyamaza, jambo ambalo sipendi. Hatari hiyo, hata hivyo, haimwandami kila alaye maharage, na haitoshi kukufanya uyaache. Inatosha kukufanya uzijue dalili: tumbo linavimba na kukaza kama ngoma, linauma, hakuna choo wala hewa inayotoka. Hilo ni jambo la hospitali saa hiyohiyo, kwa maana sehemu iliyojisokota hukosa damu na kuoza. Mgonjwa akiwahi, mara nyingine huingiziwa mpira kutoka nyuma na utumbo ukafunguka, ingawa bila upasuaji tatizo hurudi mara nyingi.

SWALI: Nina miaka 29, ni mvuvi Pakwach. Kwa miezi mitatu naona damu katika choo. Duka la dawa limenipa mafuta ya bawasiri mara mbili. Naona haya kwenda hospitali. Nikila mboga zaidi itaisha?
– Kijana, Pakwach

JIBU: Hapana, mdogo wangu, na hayo mafuta usiyanunue mara ya tatu. Inawezekana kweli ni bawasiri, lakini bawasiri hujulikana kwa kuangaliwa, na aliyeko nyuma ya kaunta hakukuangalia. Kwa mvuvi wa Nile jambo la kwanza kufikiriwa ni kichocho cha tumbo, ambacho minyoo yake huingia kupitia ngozi ukiwa majini na mayai yake huchubua ukuta wa utumbo na kuharibu ini. Dawa yake ni prazikuanteli, na hupimwa kwa uzito wa mwili. Amiba nayo hutoa damu. Kansa katika umri wako ni nadra, si kwamba haipo.

Kuhusu haya, kumbuka wale wanavijiji na mifuko yao. Kesho asubuhi chukua kichupa safi chenye kifuniko, weka kinyesi kidogo cha siku hiyo, ukipeleke kituo cha afya na useme wazi kwamba unavua samaki na kwamba damu ni ya miezi mitatu. Eleza kama damu imechanganyika na kinyesi au inadondoka mwishoni, na kama umepungua uzito. Kipimo kikikuta mayai ya kichocho utapewa dawa, na damu ikiendelea wiki chache baada ya dawa, rudi uombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa.