Msomaji akikuambia "wewe una bomba"

Makala yangu ya kwanza kuhusu kichocho ilikuwa na sentensi niliyoipenda sana: "Epuka maji ya ziwa." Haikupita wiki, mama mmoja anayeanika dagaa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, akanitumia ujumbe: "Mwanangu, tusioge ziwani tuoge wapi? Wewe una bomba." Nilikasirika. Nikamjibu kwa maelezo marefu ya konokono na vimelea wanaopenya ngozi, kana kwamba ndicho alichouliza. Hakuniandikia tena.

Basi wewe unayeanza kuandika mambo ya afya huku kwetu, ujumbe wa namna ile usiujibu ukiwa na hasira. Nenda mwaloni kwanza, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Mimi nilichelewa kwenda, na nilipofika niliwakuta watu wanateka maji saa sita mchana, jua la utosini, na ndio wakati vimelea wa kichocho cha tumbo wanapotoka kwa wingi kwenye konokono. Hapo nikapata la kuandika: teka asubuhi na mapema, na maji ya kuoga yaache kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili ndipo uyatumie, maana vimelea hao wakikosa ngozi ya kupenya hufa. (Ya kunywa bado yachemshwe. Nilisahau kulisema hilo, nikaulizwa hadi nikachoka.)

Anayekukosoa kwa ukweli ni habari nyingine. Muuguzi mmoja alinipigia simu: nimeandika kana kwamba ukishameza prazikwanteli, dawa ya kichocho, umekingwa. Sivyo. Dawa ile huua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini. Ukirudi majini unaambukizwa upya. Toleo lililofuata tukaandika juu kabisa, "Tulikosea." Mhariri alitaka tuliweke chini kwa herufi ndogo. Nilimbishia, maana kosa lenyewe halikuwa kwa herufi ndogo.

Watakuuliza pia wameze vidonge vingapi. Usitaje. Dozi hufuata uzito wa mtu, nawe humwoni. Mwelekeze kituo cha afya.

Wenye matusi usibishane nao, ila wasome hadi mwisho. Mzee mmoja wa Ukerewe alinishushia mistari minne ya matusi; wa tano akauliza kwa nini mjukuu wake anapata choo chenye damu. Huyo sikumwandikia. Nilimpigia usiku uleule.