Ushuru wa Trump, na kinanda changu kilicholala Namanga siku tisa

Juzi usiku nimetoka kufungua vyombo vya muziki kwenye sendofu moja Njiro, hapa Arusha, mgongo unauma, nikakuta ujumbe wa dogo mmoja wa mtaa wa Soweto, Moshi. Jina nimelitoa, mengine nayaweka yalivyo:

"Shikamoo kaka. Napiga kinanda kanisani huku Soweto, huwa nasoma unayoandika. Nasikia Marekani wamepiga ushuru vitu vya Japani na vinanda vitapanda bei dunia nzima. Nina milioni 1.8. Nichukue mkopo wa simu nijazie ninunue sasa hivi, au nisubiri? Nijibu haraka kaka."

Hilo "nijibu haraka" ndilo lililonikosesha usingizi. Mimi nimewahi kununua kinanda haraka haraka kwa sababu ya habari ya Japani niliyoisoma kwenye simu, na mpaka leo nikipita mpakani Namanga tumbo linanikaza. Sijawahi kuisimulia hapa. Mke wangu ndiye aliyeijua, na watu wachache wa kwaya.

Nianze na la Marekani nilimalize. Ushuru ule analipa mwagizaji wa Marekani, mzigo unapoingia kwao. Aprili 2025 Trump alitangaza 24% kwa bidhaa za Japani, Julai ikaja barua ya 25%, mwisho wakakubaliana 15% ikaanza Agosti. Miezi minne, namba tatu. Anayepanga ununuzi wa kinanda kwa kufuata namba za watu wanaobadilisha hivyo atanunua leo na kujuta kesho kutwa. Na si jambo jipya: mwaka 1987 Rais Reagan wa Marekani aliwapiga Wajapani ushuru wa 100% kwenye kompyuta, runinga za rangi na mashine za mkono za umeme, ugomvi wenyewe ukiwa wa chipu za elektroniki. Hawa watu wanagombana tangu mimi nikiwa sijui hata "do" iko wapi.

Halafu dogo, kageuze kinanda chako usome mgongoni. Yamaha makao yao ni Hamamatsu, Japani, lakini kuna viwanda Indonesia na China. Roland nao wana kiwanda Malaysia. Vinanda vitatu nilivyo navyo stoo, kilichoandikwa Japani ni kimoja, tena ndicho kikuukuu kuliko vyote. Kwa hiyo hata huo ushuru wa Japani wenyewe, vitu vingi tunavyoviita vya Japani havikuguswa nao. Viliguswa na wa Indonesia au wa Malaysia, ambao mwaka huo huo wa 2025 uliwekwa 19%.

Je, inaweza kutufikia huku? Inaweza, kwa kuzunguka. Kampuni ikibanwa kwenye soko kubwa kama Marekani ina njia zake. Inaweza kupandisha bei kule kule, inaweza kuumeza ushuru kwenye faida yake, au ikapandisha kidogo kila mahali duniani ili wote tuchangie. Inaweza pia kuusukuma mzigo kwenye masoko mengine, na hapo bei ikashuka. Mwenye duka wa Kariakoo yeye hasubiri kujua ni ipi. Akisikia neno ushuru kwenye redio anabadilisha kibandiko cha bei ya kinanda ambacho kiko kwenye rafu yake tangu mwaka juzi.

Sasa nije kwangu.

Oktoba 2020, kule Nobeoka, Japani, kiwanda cha chipu cha Asahi Kasei Microdevices kiliungua moto. Zilikuwa chipu zinazogeuza sauti kuwa tarakimu na kuirudisha kuwa sauti, zilizomo kwenye miksa, kadi za sauti za studio na vitu vingi vya namna hiyo. Ukichanganya na uhaba wa chipu wa wakati wa korona, vifaa vikaanza kuwa adimu. Mimi nilikuwa na kinanda kimoja kilichochoka, nina harusi tatu zimelipiwa nusu, na kila nikifungua simu naona watu wanalia kwamba vitu vinaisha. Mwanzoni mwa 2022 nikajiaminisha kwamba nisiponunua mwezi ule sitanunua tena. Nikaenda kwenye kikoba chetu nikakopa. Mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Umekiona hicho kinanda?" Nikamwambia mambo ya muziki aniachie mimi.

Dar niliona mbali, na watu walinishawishi kwamba Nairobi ni bei chee. Kwanza Kenya na Tanzania si Afrika Mashariki moja? Hakuna ushuru! Niliisema hiyo sentensi kwa sauti, kijiweni Mianzini, mbele ya watu sita, na hakuna aliyenipinga. Nikapanda basi Jumatano alfajiri. Saa nane mchana nilikuwa kwenye duka katikati ya Nairobi nabonyeza Korg moja iliyotumika, imetoka Japani, safi, haina hata mkwaruzo. Shilingi 130,000 za Kenya, kama milioni 2.6 za kwetu. Nikalipa. Muuzaji akaniambia, "Hii ni original Japan, ndugu." Nikaona nimeula.

Namanga jioni. Afisa wa forodha alikuwa mtu mstaarabu kabisa, siwezi kumsema vibaya. Aliangalia boksi, akaangalia risiti, akaniuliza, "Imetengenezwa wapi?" Nikajibu kwa kujidai, "Japani." Akatikisa kichwa taratibu kama daktari. Akanieleza jambo ambalo ningeweza kulijua kwa kuuliza mtu mmoja tu kabla ya kupanda basi: kinachopita mpakani bila ushuru ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na ina cheti cha uasili, yaani cha kuonyesha ilikotengenezwa. Kinanda cha Japani hakigeuki kuwa cha Kenya kwa kukaa dukani Nairobi. Ikapigwa hesabu, ushuru pamoja na VAT, ikakaribia laki nane. Mfukoni nilikuwa na elfu themanini na saba.

Kinanda kikabaki. Nikaingia Arusha usiku nimebeba begi tupu la kinanda mgongoni. Abiria mmoja akaniuliza kama natoka kupiga shoo.

Jumamosi yake ilikuwa harusi Moshi. Nikaazima kinanda cha kwaya, kile chenye "fa" ya katikati, yaani F, iliyokwama. Ukiibonyeza inashuka hairudi mpaka uinyanyue kwa ukucha. Nikajiambia nitaikwepa. Harusi ya Wachaga unaijua: ndafu inapoingia, mbuzi mzima amesimamishwa kwenye meza na majani mdomoni, ukumbi wote uko wima, na muziki ndio unaomleta. Mwimbaji wangu akaanzisha kwenye sauti yake ya siku zote, F. Nikapandisha sauti moja nzima kuikwepa ile "fa". Hakunisikia, akabaki kwake. Tukaenda hivyo, yeye huku mimi kule, mbuzi katikati, mpaka MC akachukua maiki akaimba mwenyewe. Mzee wa bibi harusi hakusema kitu. Alipokuja kumalizia malipo alihesabu pungufu laki mbili, akaniangalia, nikasema, "Asante mzee."

Hiyo laki mbili inaniuma mpaka leo kuliko laki nane ya forodha.

Siku ya tisa nikapata fedha, nikarudi Namanga, nikalipa, nikakichukua. Ungedhani yameisha. Nimefika nyumbani, watoto wamekaa sebuleni wanasubiri baba afungue boksi. Waya wake una pini mbili bapa. Nikatoa adapta ya elfu mbili, nikachomeka ukutani, nikawasha. Kioo kiliwaka sekunde moja, rangi nzuri ya bluu. Halafu "tap!" kama njugu kwenye kikaango, na harufu ile unayoijua ukishaisikia mara moja. Mwanangu mdogo akapiga makofi, alidhani ndiyo ngoma.

Mgongoni, kwa herufi ndogo, imeandikwa 100V. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Adapta ya pini inabadilisha umbo la pini basi, umeme unapita vilevile. Fundi wangu wa Ngarenaro aliniambia nina bahati imekufa bodi ya umeme peke yake. Akaibadilisha kwa laki mbili na arobaini. Kikoba nilimaliza kukilipa baada ya miezi kumi na mmoja, na faini.

Kwa hiyo dogo, swali lako kuhusu Trump. Chukua karatasi tufanye hesabu ya kwetu. Afrika Mashariki tuna ushuru wa pamoja wa forodha wenye ngazi za 0%, 10% na 25%, na tangu Julai 2022 ikaongezwa ya 35%. Haupigwi kwenye bei ya kinanda peke yake. Unapigwa kwenye bei jumlisha nauli jumlisha bima. Kisha VAT ya 18% inapigwa juu ya jumla ile ikiwa tayari imebeba ushuru. Tuseme kinanda, nauli na bima ni milioni mbili. Kikiangukia 10%, ushuru ni laki mbili, VAT ni 396,000, umefika 2,596,000. Kikiangukia 25%, ushuru ni laki tano, VAT 450,000, umefika 2,950,000. Tofauti ya 354,000 kwa namba moja tu ya fomu ya forodha, ile inayotaja aina ya bidhaa, na bado tozo ndogondogo hazijaingia. Namba yenyewe ndiyo ya kumuuliza wakala wa forodha kabla hujatuma hata senti: vinanda vya umeme na magitaa ya umeme viko kwenye 9207, maiki, spika na amplifaya viko kwenye 8518. Muulize asilimia ya mwaka huu wa fedha, maana bajeti ikisomwa Juni mambo yanaweza kubadilika kuanzia tarehe 1 Julai.

Kuna na dola. Mwenye duka anaagiza kwa dola. Mwaka 2024 dola ilifika kama Sh2,700, na mwisho wa mwaka huo huo ikashuka chini ya 2,500. Mwaka huo huo tena yeni, fedha ya Japani, ilianguka mpaka dola moja ikapita yeni 160. Mtu aliyekuwa na fedha taslimu mkononi na subira, hiyo peke yake iliweza kumpa punguzo la maana. Mimi sikuwa nayo.

Na hapa naomba nikuseme kidogo, wewe na wenzako. Mnaandikiana usiku kucha kuhusu bei za Marekani, lakini ukimuuliza mpiga kinanda wa leo kinanda chake kinatumia volti ngapi anakodoa macho. Unataka mkopo wa simu, riba yake unaijua? Kanisa linakulipa kiasi gani kwa mwezi? Kinanda ulicho nacho sasa hivi umekimaliza? Mimi nina seti mbili za vyombo leo, nina vijana watatu ninaowalipa, na kinanda kinachoniingizia fedha zaidi ni kile cha laki tisa nilichokinunua hapa hapa mjini, kwa risiti, baada ya kukijaribu saa nzima mwenye duka akinuna. Watu wa harusi hawajawahi kuniuliza ni modeli gani. Wanauliza ndafu itaingia na wimbo upi.

Usikope. Hilo nalisema sasa na nitalisema tena. Ukipata cha used kutoka Japani chenye bei nzuri, soma mgongoni. Kikiwa 100V weka bei ya transfoma kwenye hesabu yako kabla ya kupatana, tena transfoma nzito ya kushusha umeme, achana na zile adapta. Kikiwa kimeshaingia nchini na kulipiwa, dai risiti. Kikiwa ng'ambo ya mpaka, mpigie wakala kwanza. Na usikope.

Jumamosi hii nina kazi Moshi, ukumbi nitakutumia kwenye simu. Njoo saa nane mchana tunapofunga vyombo, uje na ile milioni 1.8 ikiwa bado iko kwako na haijaenda kwa mtu. Ile Korg bado ninayo, inapiga vizuri kabisa kwa transfoma na bodi mpya, na ninafikiria kuiuza. Nitakuachia uibonyeze mpaka tutakapojaribu sauti. Ila bei tutaongea ukiwa umeshaisikia kwenye F.