Kwa Hamisi, kuhusu deni la aliyeona

Mwanangu Hamisi,

Barua yako imefika, nasi huku Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, hatujambo. Umeniuliza kama mtafiti wa ziwa anayeshika bango na kuandamana kwa ajili ya tabianchi bado atahesabiwa kuwa mwanasayansi. Hilo waulize walimu wako. Mimi linalonisumbua ni jinsi mtu aliyekwisha kuona anavyoweza kunyamaza.

Unaukumbuka mtumbwi wa babu yako, ule uliouzwa kabla hujaanza sekondari. Mtafiti mmoja kijana aliwahi kuukodi, tukampeleka kilindini. Akawa anateremsha chombo chake kwa kamba, anasoma joto la maji, anaandika daftarini, kisha anakiteremsha tena. Alitueleza vizuri: maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi na hukataa kuchanganyika na ya chini, hivyo upepo wa kusi hushindwa kuipandisha rutuba iliyolala vilindini, na dagaa hukosa chakula. Babu yako akamuuliza, "Umemwambia nani?" Akajibu kwamba kazi yake ni kupima. Babu hakutamka neno mpaka mwaloni, na jibu lile linanichoma hadi leo, ingawa kijana mwenyewe alikuwa na adabu na alilipa pesa yote.

Aliyeona ana deni. Umenisikia nikilisema tangu utotoni. Jane Goodall alifika Gombe, hapa jirani, mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Mwaka 1986, kwenye mkutano wa Chicago, alisikia jinsi misitu yao inavyoteketea, na toka hapo akawa mwanaharakati. James Hansen, mwanasayansi wa tabianchi wa NASA, aliiambia kamati ya Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1988 kwamba dunia inapata joto. Miaka mingi baadaye, akiwaza wajukuu wake, alikubali kukamatwa na polisi kwenye maandamano. Peter Kalmus, naye mwanasayansi wa tabianchi, alijifunga mnyororo kwenye mlango wa benki huko Los Angeles, Aprili 2022, akizungumza kwa kilio juu ya wanawe. Takwimu walikuwa nazo wote siku nyingi. Kilichowainua vitini ni mtoto, mjukuu, au sokwe waliyempa jina.

Lakini hapo hapo najipinga. Anayepima huku analia, mwenye shaka hatasema kwamba kipimo nacho kimelowa machozi? Rose Abramoff, mtafiti wa tabianchi wa Marekani, alifungua bango mbele ya wanasayansi wenzake Desemba 2022, na mwezi uliofuata maabara ya Oak Ridge ikamfukuza kazi. Nawe mkopo wa chuo hujamaliza kuulipa, na shangazi yako anakutegemea. Pengine kijana yule wa mtumbwini naye alikuwa na shangazi. Hata hivyo, aliyeona ana deni, na sijapata kuona deni likifutwa kwa sababu mdaiwa ana familia.

Jibu langu ninalo, Hamisi. Mama yako amenisihi nisiliandike, maana anasema utaligeuza amri, nami nimemtii kwa shida sana. Ukija likizo niulize tena, yeye akiwa sokoni.

Baba yako