Programu ikiganda, usikimbilie kuchomoa waya

Barua haijaisha, mshale umegeuka kiduara kinachozunguka, na juu ya dirisha la kompyuta pameandikwa Not Responding, yaani haiitikii. Majumbani mwetu Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Mabawa, kinachofuata mara nyingi ni waya kuchomolewa ukutani. Hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa.

Windows huandika maneno hayo programu isipoitikia kwa sekunde 5 tu. Huenda haijafa: inasubiri flashi inayosuasua, printa iliyozimwa, au faili kubwa linalosomwa kutoka diski chakavu. Ukibofyabofya wakati huo, mibofyo inaweza kupanga foleni, na programu ikizinduka ikaitekeleza yote. Toa mikono, ipe dakika mbili tatu. Wakati unasubiri, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kompyuta yenyewe iko hai na tatizo ni programu moja. Taa isipobadilika kabisa, huenda mfumo mzima umeganda.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager, dirisha linaloorodhesha programu zinazoendeshwa, itafunguka. Kwenye Windows 10, ikija ndogo, bofya More details. Wengi hapa hurukia End task, kitufe cha kuifunga programu kwa nguvu, bila kusoma namba, na namba ndizo zenye jibu. Tazama mstari wa programu iliyoganda. Namba za CPU (prosesa) au Disk (diski) zikichezacheza, bado inafanya kazi, iache. Zikikaa sifuri kwa dakika kadhaa, haina inachofanya, ifunge. Memory ya kompyuta nzima ikipita asilimia 90, RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imejaa na mashine imeanza kuitumia diski kama RAM, ndiyo maana kila kitu kinatambaa. Disk ikiwa asilimia 100 huku kasi yake ni chini ya megabaiti 1 au 2 kwa sekunde, ishuku diski yenyewe.

Kabla ya End task, piga picha ya kioo kwa simu. Maneno yanayosomeka pale unaweza kuyaandika upya, lakini dirisha likifungwa huyaoni tena. Word nayo hujiwekea nakala kila baada ya dakika 10, kwa hiyo ukiifungua tena itakuonyesha iliyookoa. Kama hati haikuwahi kuhifadhiwa hata mara moja, nenda File, Info, Manage Document, halafu Recover Unsaved Documents. Hizo dakika 10 ni nyingi mno. Ingia File, Options, Save, uweke 2.

Ikiwa ni Chrome, usiiue yote. Shift na Esc ndani yake hufungua orodha ya kurasa, ukafunga ule mmoja unaosumbua. Upau wa chini ukiganda, tafuta Windows Explorer kwenye Task Manager ubofye Restart. Kioo kikiwa cheusi, jaribu kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B.

Yote yakishindikana, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi. Ubaya wa kuzima hivyo ni kwamba data iliyokuwa njiani kwenda kwenye diski hukatika katikati, na faili likaharibika. Umeme ukikatika ghafla, madhara ni yale yale. Mwenye kompyuta ya mezani anunue UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, hata ndogo. Dakika chache zinatosha kuhifadhi na kuzima.

Ikiganda kila siku, shida si programu tena. RAM ya GB 4 ndiyo kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, na kurasa 15 za intaneti huimaliza. Ongeza ifike 8, ila hakikisha kwanza aina ya RAM yako, kama ni DDR3 au DDR4, maana moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Laptopu yenye diski ya kuzunguka ikibadilishiwa SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) yenye kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5, hubadilika mno, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo pesa inayolipa kuliko zote.

Halafu kuna joto. Wakati wa kaskazi, laptopu ikiwekwa juu ya godoro matundu yake huziba, na prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue. Vumbi likichanganyika na unyevu wa bahari hugandamana kwenye mapezi ya kupoozea, halitoki kwa kupuliza kwa mdomo. Zima, toa betri kama inatoka, fungua, tumia bloa, na uizuie feni kwa kijiti isizunguke ovyo. Usitumie kitambaa kibichi.

Diski ikigonga tiki-tiki, usianze na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwani itaichosha zaidi. Nakili picha na nyaraka kwenye diski nyingine siku hiyo hiyo, ndipo umwone fundi.