Baiskeli ya Masalio: Maswali Yenu Yajibiwa

Swali: Hamjambo wahariri. Nimepewa fremu ya baiskeli ya milimani, na kwenye gunia nina magurudumu mawili yasiyo ndugu, foki, kranki mbili (mikono ya pedali) na makorokoro mengine. Nataka nijiundie baiskeli ya kwenda kazini Industrial Area na kurudi nyumbani. Fundi wa mtaani anasema nitatumia pesa nyingi kuliko nikinunua mtumba iliyokamilika. Ni kweli? — Msomaji, Kangemi

Jibu: Fundi wako hajakosea sana. Kipuri cha bure ni cha bure pale tu kinapoingia mahali pake. Kikikataa, utanunua kingine, kisha kingine cha kukiunganisha na kile cha kwanza. Kwa hiyo kabla ya kununua hata nati, azima kalipa (kifaa cha kupimia milimita) na sumaku.

Sumaku ikishika fremu, ni chuma. Isiposhika, karibu hakika ni alumini, na hapo masharti ni makali zaidi. Ioshe, kisha tafuta ufa sehemu tatu: chini ya shingo (pale bomba la chini linapoungana na bomba la foki), kuzunguka bomba la pedali, na kwenye masikio ya nyuma yanayoshika ekseli. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ni ufa mpaka uikwangue na uone vingine. Chuma kinaweza kuchomelewa na mtu anayejua mabomba membamba. Alumini hupoteza nguvu pale joto lilipopita, na kuichomelea kando ya barabara ni kujitafutia meno ya bandia.

Sasa pima. Nafasi kati ya masikio ya nyuma huwa milimita 135 kwa baiskeli nyingi za milimani, 130 kwa zile za barabarani, na 126 kwa za barabarani za zamani. Habu (kitovu cha gurudumu) ya 130 ukiitia kwenye fremu ya chuma ya 135, weka washa (vibati vya duara) za jumla ya milimita 5 kwenye ekseli, kisha usawazishe rimu ikae katikati. Usikaze nati ili zivute masikio yafuate habu. Fremu ya alumini usiipanue wala kuibana kabisa.

Paipu ya kiti ndiyo huwadanganya wengi, maana saizi hupishana kwa milimita 0.2 tu. Ya 27.2 ni ya kawaida, lakini zipo 26.8, 27.0 na nyingine nyingi. Iliyo nyembamba kidogo utaikaza leo na kesho kiti kitakuwa kimeshuka. Kipande cha mkebe wa soda husaidia tofauti ikiwa ndogo mno. Ikizidi hapo, tafuta paipu ya saizi yake.

Kisha tairi. “Inchi 26” si saizi moja. Rimu ya baiskeli ya milimani ni milimita 559, ilhali tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8 ni ya rimu ya 590. Hazivaliani hata ukizipiga kwa nyundo. Usisome inchi, soma namba mbili zilizochapwa ubavuni, kwa mfano 50-559. Ya pili ndiyo kipenyo cha rimu, ya kwanza ni upana wa tairi. Ile baiskeli nzito ya Black Mamba yenye breki za vyuma mara nyingi ni 28 x 1 1/2, yaani 635, kwa hiyo magurudumu yake hayatakusaidia hapa.

Kwa kuwa jioni unarudi ukipanda Waiyaki Way, usichague sahani (gurudumu la meno la mbele, penye pedali) kubwa kwa sababu tu inang'aa. Sahani ya meno 44 na friwili (meno ya gurudumu la nyuma) ya 18 hukusogeza kama mita 5 kila pedali ikizunguka mara moja. Ya 36 na 18 hukusogeza kama mita 4, na magoti yatakushukuru. Sahani na friwili zikae kwenye mstari mmoja: weka rula ndefu juu ya sahani, na mwisho wake uangukie kwenye meno ya friwili. Ukikosa mstari, mnyororo utapiga kelele na kula meno.

Swali: Nimeshindwa kufungua bakuli la gololi la bomba la pedali, upande wa mnyororo. Spana imevunjika. Na humo ndani huwa na gololi ngapi? — Msomaji, Umoja

Jibu: Inaelekea unalikaza. Kwenye fremu nyingi thredi za upande huo ni za kinyume, hivyo hufunguka kwa kuzungusha kufuata mwendo wa saa. La kushoto hufunguka kama kawaida. Pedali ndizo kinyume cha hapo: ya kushoto ndiyo yenye thredi za kinyume. Tia mafuta ya kupenya, uache usiku kucha, na utumie spana ndefu.

Ndani huwa na gololi 11 za robo inchi kila upande. Habu ya nyuma huchukua 9 za saizi hiyohiyo kila upande, na ya mbele 10 za inchi 3/16. Badilisha zote pamoja. Gololi mpya ikikaa na iliyochakaa, mpya hubeba mzigo peke yake. Angalia pia njia yake ndani ya bakuli: ikiwa na vishimo, gololi mpya hazitakufaa kitu. Kaza hadi kulegea kuishe, lakini ekseli izunguke bila kukwaruza.

Ikiwa kranki zako ni zile za pini, pini mbili ziingie kwa pande zinazopingana. Zikiingia upande mmoja, pedali hazitakaa mkabala, na utachechemea ukiwa umekaa kitini.

Swali: Nimeweka mnyororo mpya, lakini unaruka nikikanyaga kwa nguvu. Wa zamani haukuruka. — Msomaji, Githurai

Jibu: Meno ya friwili yamelika yakalingana na mnyororo uliochakaa, na mpya hauyakubali. Ukipata mnyororo wa mtumba, upime kwa rula: pini ya kwanza hadi ya 25 ziwe inchi 12 kamili. Zikifika 12 na 1/16, badilisha mnyororo peke yake. Zikifika 12 na 1/8, andaa pesa ya friwili pia. Hakikisha upana pia: wa 1/8 ni wa gia moja, wa 3/32 ni wa gia nyingi.

Swali: Breki za mikono mirefu (V-brake) zinabana rimu kwa shida, na mkono wa breki ni laini, unafika hadi kwenye usukani. Waya ni mpya. — Msomaji, Kasarani

Jibu: Mkono wa breki si wake. Breki hizo zinahitaji mkono unaovuta waya mrefu. Wako huenda ulitoka kwenye breki za aina nyingine, zinazohitaji waya mfupi. Tafuta mkono wake. Ukipaka grisi utaongeza utelezi tu.

Swali: Nimeuziwa fremu kwa bei ya kutupa huko Gikomba. Kuna hatari? — Msomaji, Eastleigh

Jibu: Pindua fremu utazame chini ya bomba la pedali, ambako namba huchongwa mara nyingi. Namba ikiwa imesagwa kwa grainda, irudishe fremu. Kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Namba ikiwa ipo, iandike kwenye risiti pamoja na jina, simu na namba ya kitambulisho cha muuzaji, na umpige picha ameishika fremu. Anayekataa picha, mwachie mali yake.